Ngozi ya Nani

Jumamosi moja asubuhi watu wanne walikuja nyumbani kwa Mkunga kumwuliza unga aliokuwa anakunywa ulikuwa ngozi ya nani. Wote wanne walizaliwa mikononi mwake. Mmoja wao, kama Mkunga alivyomkumbusha pale pale mlangoni, alitoka tumboni akiwa wa bluu na bila sauti, na yeye ndiye aliyempulizia pumzi mdomoni mpaka akalia.

Nilikuwepo. Nilisimama nyuma yao, karibu na geti, nikiwa na sababu ya kuogopa kuliko yeyote aliyekuwa pale, kwa maana neno hilo, ngozi, lilitoka kwanza mdomoni mwangu.

Mtaani kwetu, pembeni kabisa mwa Izia, hapa Sumbawanga, ambako nyumba zinaanza kupishana na mashamba ya mahindi, alikuwa Mkunga tu. Alikwisha kustaafu siku nyingi, lakini hata kwenye orodha za misiba aliandikwa hivyo, na katekista akisoma matangazo kanisani alisema Mkunga, na kila mtu alijua ni nani. Mimi nimekaa nyumba ya tatu kutoka kwake tangu utoto, ukitoa miaka ya shule. Kazi yangu ni kukusanya habari za redio ya hapa mjini, kwa hiyo nina tabia ya kuandika vitu kwenye daftari hata pasipo na sababu. Mengi ya haya yametoka humo.

Yeye pia hakutuita kwa majina yetu. Alituita kwa namna tulivyozaliwa. Mimi nilitanguliza miguu, nikawa Miguu mpaka leo. Muuza mbao wa kona, mtu mwenye kifua kama kabati, alikuwa Kitako. Mwenyekiti wa mtaa, mwenye kofia na muhuri wake, alikuwa Saa Kumi na Nne, kwa sababu ndio muda aliomtesa mama yake. Alimwita hivyo hata kwenye mkutano wa hadhara. Siku moja mwenyekiti aliposhika kipaza sauti na kuanza kuzunguka na habari za mifereji, Mkunga alisema kutoka mstari wa mbele, "Saa Kumi na Nne, leo toka mapema." Watu walicheka mpaka mikeka ikasogea. Mwenyekiti naye alicheka, akafupisha. Na yule kijana wa bodaboda aliyezaliwa wa bluu alikuwa Kimya, ingawa tangu siku ile hajawahi kunyamaza.

Mikono ya Mkunga ndiyo watu waliyoikumbuka. Aliinawa mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni ya mche, akihesabu kwa sauti ya chini. Kucha alizikata kila Jumapili baada ya misa. Ukimtembelea alikunawisha kwanza ndipo akusalimie vizuri, na wageni kutoka Dar es Salaam walidhani ni mila ya Wafipa. Haikuwa mila. Ilikuwa wodi ya wazazi ambayo hakuwahi kuhama.

Aliandika kila kitu. Kwenye mtungi wa gesi aliandika tarehe aliyoufungua. Kwenye kopo la chumvi, hivyo hivyo. Akinywa dawa, kila dozi aliichorea kijiti kimoja kwa kalamu ya wino, vijiti vinne vimesimama na cha tano kimevikata katikati, kama karani wa ghala anayepokea magunia. Nilimwuliza kwa nini asikumbuke tu kichwani. Akasema amewahi kuona mama akipewa sindano ileile mara mbili na wauguzi wawili wenye vichwa vizuri.

Na alisoma. Kabla ya kumeza chochote alitaka kujua kimetengenezwa na nini. Kauli yake ilikuwa hii: kinachoingia mdomoni kijitambulishe kwanza. Siku moja mnadani alisimama mbele ya muuza dawa aliyekuwa na chupa za soda zimejaa maji ya kahawia, akitangaza kwamba zinaondoa maumivu ya viungo. Mkunga alimwuliza ndani mna nini. Mizizi saba, akasema yule mtu. Itaje, akasema Mkunga. Alifika wa tatu akakwama, na Mkunga akamwomba basi anywe yeye kwanza. Hakunywa. Wanawake wa mtaa waliokuwa wanakula bamia asubuhi na jioni ili ute wa magoti urudi, aliwaambia bamia ni mboga nzuri sana, waendelee kuila kama mboga.

Ndiyo maana sikuelewa, kwa miaka mingi, jinsi alivyohangaikia uso wake. Mtu yule yule aliyewacheka wauza mizizi alikuwa wa kwanza mtaani kuacha kuni na kununua jiko la gesi, akisema moshi unaharibu macho. Alikuwa na dawa ya matone ya macho dirishani, aliitumia kila asubuhi. Alijipaka gliserini mpaka kwenye shingo. Nywele zilipoanza kuwa nyeupe alizipaka rangi, na ile rangi ilipoisha alifunga kitambaa cheupe mpaka apate nyingine. Hakutoka nje ya geti lake bila kuoga. Baridi ya Julai hapa kwetu juu inapasua midomo ya watu na kufanya miguu iwe kama magome, lakini yeye ngozi yake haikupauka hata siku moja.

Tulimtania. Mama Neema, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimwambia, "Mkunga, unatafuta mchumba." Akajibu kwamba akipatikana aitiwe haraka, ila kwanza akaguliwe magoti, maana hataki kuuguza.

Alikuwa na kichekesho kimoja kuhusu mji wetu alichokirudia mara nyingi. Zamani alipopelekwa kwenye mafunzo pwani, mwenzake wa chumbani alimwuliza ametoka wapi. Alipojibu Sumbawanga, yule mwenzake alihamisha godoro. Mkunga aliongeza kwamba alilala vizuri wiki zote tatu, peke yake, chumba kizima, na kwamba hiyo ndiyo faida pekee ya sifa ya uchawi ya mji wetu aliyowahi kuiona. Tulikuwa tunacheka. Sasa nikiusoma ukurasa huo wa daftari sicheki. Alijua vizuri jinsi watu wanavyohamisha magodoro.

Magoti ndiyo yaliyoanza yote. Miaka thelathini na zaidi ya kuinama kando ya vitanda vya kujifungulia, na kabla ya hapo baiskeli, akishuka na kupanda njia za Bonde la Rukwa. Daktari alimwonyesha picha na kumweleza kwamba gegedu, lile tabaka laini linalokaa kati ya mfupa na mfupa, limelika, na kwamba kwa umri wake halitaota upya kama majani. Alimpa vidonge vya maumivu na mazoezi.

Maumivu aliyavumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni salamu. Kwetu mwanamke akimkuta aliyemzidi umri hushuka, hupiga goti, huku akipiga makofi ya taratibu ya viganja, na hakai wima mpaka ajibiwe. Vijana wa mjini wanasema shikamoo huku wakitembea, lakini Mkunga alikuwa wa kizazi kingine. Wachache sana walikuwa wamebaki wa kumzidi umri, na mbele ya hao alilazimika kusimama kama mti, akipiga makofi akiwa wima, akiomba radhi. Nilimwona akifanya hivyo kwenye msiba mmoja mtaa wa Malangali. Alirudi nyumbani mapema, hakula.

Kopo lilikuja kwa basi. Bintiye aliyeko Dar es Salaam alilituma, kopo kubwa jeupe lenye mfuniko wa dhahabu na picha ya mwanamke asiye na kasoro usoni. Kwenye simu alimwambia mama yake ni kolajeni, unga unaokorogwa kwenye maji au chai, wenzake wa ofisini wanautumia kwa ajili ya ngozi na mama zao kwa ajili ya viungo. Mkunga hakulifungua. Alinisubiri nitoke kazini.

Tulikuwa barazani. Mama Neema alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na wanawake wawili wa jirani walikuwa wamekaa kwenye ngazi.

"Soma, Miguu," akasema. "Miwani yangu imeshindwa na herufi za hawa watu."

Nikasoma, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili kadiri nilivyokwenda. Kwamba mwili wenyewe hutengeneza kolajeni, na hupungua jinsi umri unavyokwenda. Kwamba huu unga unasaidia ngozi isilegee na viungo visikakamae. Kwamba kijiko kimoja kwa siku, na kopo linatosha siku tisini. Kisha nikafika kwenye mstari wa vilivyomo. Maneno ngozi na mifupa niliyajua. Kabla ya hayo palikuwa na neno moja ambalo sikuwahi kukutana nalo. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningelitafuta kwa dakika moja. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi ndiye msomaji wa mtaa, nikaliruka.

"Imetengenezwa kwa ngozi na mifupa," nikasema.

Mikono ya Mama Neema ilisimama kwenye ungo. "Ngozi ya nini?"

"Haijasema."

Mkunga akacheka, akalichukua kopo mkononi mwangu. "Ngozi ni ngozi, Mama Neema. Hata wewe unayo."

Tulicheka wote. Nakumbuka wazi kwamba tulicheka wote, na Mama Neema alicheka, na mmoja wa wale wa kwenye ngazi alipiga paja.

Mtu wa mbali anaweza asione kilichotokea hapo. Sisi wa ukanda huu tumekua tukisikia habari za watu waliookotwa wamechunwa, na za wanunuzi wa ngozi ya binadamu wanaodaiwa kukaa huko mpakani. Kiasi gani ni kweli sijawahi kuthibitisha, na nimejaribu. Ninachojua ni kwamba mama zetu walituita ndani jua likiwa bado liko juu, na kwamba neno ngozi hapa halisemwi hivi hivi. Ndani ya wiki moja swali la Mama Neema lilikuwa limefika sokoni likiwa limebadilika herufi moja tu. Barazani aliuliza ngozi ya nini. Sokoni waliulizana ngozi ya nani. Na utani wa Mkunga ulifika pamoja nalo, bila kicheko chake. Kasema hata wewe unayo.

Mimi nililisikia kwa muuza migebuka, mwanamke anayeleta samaki kutoka ziwani, ambaye hakujua kwamba namfahamu Mkunga. Aliniambia kuna bibi kizee huko Izia anajirudisha usichana kwa unga wa watu. Nilirudi nyumbani nikatafuta lile neno. Lilimaanisha ng'ombe. Tu. Ngozi na mifupa ya ng'ombe.

Nilienda moja kwa moja kwa Mama Neema. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa mbona siku ile ulisema haijasema?" Lolote ambalo ningejibu lingenifanya nionekane nimetumwa.

Mkunga hakujua yanayosemwa, au alijifanya hajui. Alikuwa anakunywa kijiko chake kila asubuhi kwenye uji wa ulezi na kuchora kijiti chake kwenye mfuniko wa dhahabu. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nililiona kwa bahati mbaya nilipoingia bila kubisha hodi. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa mbele, mfuko wa kilo ya maharage umefungwa kwa kanga kwenye kifundo, anaupandisha na kuushusha huku akihesabu. Ndiyo yale mazoezi ya daktari. Aliona aibu kana kwamba nimemkuta anaoga. Alinitaka niahidi nisimwambie mtu, kwa sababu hakutaka mtaa ujue kwamba Mkunga anajifunza kutembea upya. Nikaahidi.

Katika wiki ya nne alipiga goti. Ilikuwa baada ya misa, uwanjani, mbele ya mama mzazi wa katekista, bibi aliyewazidi wote umri. Mkunga alimsogelea, akashuka, goti moja halafu la pili, akapiga makofi yake ya taratibu, bibi akamwitikia, naye akainuka peke yake bila kushika kitu. Alikuwa amejipaka gliserini na jua la saa nne lilikuwa usoni mwake. Nilitazama watu. Sikuona aliyefurahi. Walikuwa wamenyamaza jinsi watu wanavyonyamaza nyoka anapokatiza njia, mpaka apite.

"Umeona uso unavyong'aa?" Mama Neema aliniuliza tukiwa njiani.

"Ni gliserini."

"Na magoti?"

Maharage yalikuwa kwenye ulimi wangu. Nilikuwa nimeahidi. Nikasema sijui.

Baada ya hapo salamu zilianza kufupishwa. Kwetu salamu ni ndefu: unaulizwa umeamkaje, nyumbani, shamba, mifugo, wagonjwa. Watu walipomfikia Mkunga waliishia kwenye shikamoo. Yeye akitoa marahaba na kuvuta pumzi ya kuendelea, wao walikuwa wamepita. Kina mama walioleta vichanga ili avitazame kitovu wakaacha. Niliandika kwenye daftari siku ambayo hakuna jirani hata mmoja aliyesukuma geti lake. Kisha nikaandika ya pili. Nilipofika ya sita nikaacha kuandika, kwa sababu nilijikuta nami siku hiyo sikwenda.

Aliyeendelea kwenda ni mmoja tu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia pembeni mwa mtaa na ng'ombe zake, aliyempelekea maziwa kwa baiskeli. Nilimweleza habari ya lile neno na akaelewa mara moja. "Kumbe ni kongoro lililosagwa," akasema. "Sisi kwetu hilo ni supu." Aliwaambia watu hivyo kwenye kilabu cha pombe. Wakamwambia yeye kaja juzi, anyamaze.

Halafu binti mmoja wa Malangali hakurudi kutoka shule. Siku ya kwanza watu walimtafuta. Siku ya pili walianza kutazamana. Asubuhi ya siku ya pili Mkunga alikuta kitu juu ya nguzo ya geti lake: wembe mpya, bado umo kwenye karatasi yake, umewekwa katikati vizuri kama unavyowekwa kwenye meza.

Aliniita. Nilipouona nikashika ukuta. Yeye aliuchukua, akasoma maandishi ya kwenye karatasi, kwa kuwa alisoma kila kitu. Zamani kila mama aliyekwenda kujifungua alibeba wembe wake mpya wa kukatia kitovu, pamoja na uzi na kanga. Mkunga alikuwa amepokea nyembe kama hizo kutoka karibu kila nyumba ya mtaa ule.

"Wamenirudishia," akasema.

Akauweka kwenye kopo la sindano na nyuzi, akafunga, akaandika tarehe.

Siku iliyofuata ndiyo Jumamosi. Walikuja saa mbili asubuhi, wanne mbele, na nyuma yao watu ambao sikuwahesabu. Kitako alikuwepo, na Kimya, na wengine wawili. Walimwamkia vizuri. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, kwamba walimwamkia vizuri, wote, kwa zamu, na kofia mkononi. Kisha Kimya akauliza.

"Mkunga, tumetumwa tuulize. Ule unga ni ngozi ya nani?"

Hakujibu swali. Alimtazama mmoja baada ya mwingine na kuwaambia walivyokuja duniani. Huyu kitako, mvua inanyesha, taa imezimika, akamtoa kwa kupapasa. Huyu kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Huyu mama yake alipoteza damu mpaka yeye Mkunga akapiga magoti kwenye ile damu, na hajui kama magoti yaliharibikia hapo au kwingine. Na wewe, akamwambia Kimya, wewe nilikupa pumzi yangu.

Kimya alikuwa anatazama chini. "Tunajua, mama," akasema. "Ndiyo maana tumekuja asubuhi, si usiku."

Mkunga alishika fremu ya mlango.

Hapo ndipo nilipojipenyeza mbele na kusema yote: neno nililoliruka, maana yake, mazoezi, mfuko wa maharage. Nilivunja ahadi mbele ya watu wote. Nilishika simu juu niwaonyeshe maana ya lile neno. Mtu mmoja nyuma akasema simu inaweza kuandika chochote. Mwingine akauliza redio imelipwa nini. Nilitazama uso wa Mkunga niliposema maharage, na aligeuka kando.

Mwenyekiti alifika akichechemea, amefunga vifungo vya shati vibaya. Alitafuta njia ya katikati, kama kazi yake inavyomtaka. Kopo litachukuliwa, likae ofisini, litumwe kwa wataalamu likapimwe. Majibu yakija yatasomwa mkutanoni. Mpaka hapo Mkunga apumzike kwa ndugu zake, kwa usalama. Mkunga alilileta kopo mwenyewe. Alimwomba mwenyekiti asubiri, akahesabu vijiti kwenye mfuniko kwa sauti, watu wote wakisikia. Vilikuwa thelathini na tisa. Akasema, "Andika, Saa Kumi na Nne. Vijiko thelathini na tisa." Mwenyekiti akaandika. Kopo likafungwa kwa utepe wa kahawia, likaondoka.

Binti wa Malangali alipatikana kesho yake, mji mdogo wa Laela, kwa shangazi yake, akiwa mzima kabisa, amekimbia mitihani. Nilidhani hilo litamaliza. Watu walifurahi, wakasema Mungu mkubwa, na hakuna aliyekwenda Kaengesa, alikokwenda kujihifadhi, kumrudisha Mkunga.

Huko ndiko aliko, kwa mdogo wake, karibu na misheni. Nilichelewa kumtembelea. Nilisema kazi, nilisema mvua. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuonekana nakwenda. Nilipopanda bodaboda hatimaye ilikuwa miezi minne imepita, mahindi yamekauka shambani, upepo unayapigisha kelele kama karatasi.

Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapuliza moto wa kuni. Sikumtambua mara moja. Nywele zilikuwa nyeupe zote, wazi, bila kitambaa. Ngozi ya mikono ilikuwa imepauka na kupasuka. Akainua uso na macho yalikuwa mekundu kwa moshi, mekundu hasa, na mimi, niliyejua lile neno, niliyejua maharage, niliyezaliwa mikononi mwake, nilirudi nyuma hatua moja.

Aliiona hatua ile.

"Umeona, Miguu," akasema. Hakuwa na hasira. "Sasa umeona nilichokuwa nakikimbia."

Nilikaa chini. Akanieleza huku akipanga kuni. Alipokuwa kijana kazini, alikuwa akipita vijiji vingi, na katika vijiji hivyo aliwajua mabibi ambao kosa lao lilikuwa kuishi sana, kuwa peke yao, na kupikia kuni mpaka macho yakawa mekundu. Aliwahi kupita mahali akamsalimia bibi mmoja, na aliporudi mwezi uliofuata nyumba haikuwepo, na hakuna aliyemwambia ilikwenda wapi. Tangu siku hiyo alijiapia kwamba yeye atazeeka bila kuonekana. Jiko la gesi, matone, gliserini, rangi ya nywele, na mwishoni kopo.

"Mlisema natafuta mchumba," akasema. "Sikutafuta urembo, mwanangu. Nilitaka nisifanane nao."

Nikamwomba radhi kwa lile neno. Akasema wagonjwa wengi aliwaona wakiumizwa na mtu aliyeona haya kusema sijui, wala mimi si wa kwanza. Hakusema amenisamehe. Nikamwuliza habari za magoti, kama unga ulisaidia au ni maharage. Alinijibu jinsi alivyojibu kila alipoulizwa jambo la tiba.

"Vyote nilivianza wiki moja," akasema. "Hilo lilikuwa kosa langu. Sitajua." Kisha akaniuliza kitu alichokuwa amekingojea muda wote. "Majibu yametoka? Yakitoka na yakasomwa mkutanoni, nitarudi siku hiyo hiyo. Niangalizie kopo langu."

Nikamwahidi. Jumatatu nilikwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akanipa kiti. Alisema majibu bado. Nikamwuliza lilitumwa lini. Akasema nalo bado, kuna barua inasubiriwa, na kwamba kwa sasa liko salama, kabatini, na ufunguo anakaa nao yeye na wajumbe. Nikaomba nilione. Alisita, kisha akafungua.

Lilikuwa rafu ya chini, nyuma ya mafaili. Utepe wa kahawia ulikuwa umefunuliwa na kubandikwa tena, si mara moja, maana kingo zilikuwa zimeota manyoya. Nililinyanyua. Niliwahi kulishika barazani likiwa limejaa, najua lilivyokuwa. Nikafungua mbele yake. Unga ulikuwa umebaki vidole viwili chini, na kijiko kilikuwa na unyevu.

Nilitazama mfuniko. Vijiti vilikuwa vile vile thelathini na tisa, kwenye kopo la vijiko tisini. Mwenyekiti alisema naye anashangaa. Alikuwa amesimama wakati wote huo, na alipoinama kulirudisha kopo kwenye rafu ya chini, alishuka kwa goti, akainuka, bila kushika kitu.